Nilimsingizia Mama Mkwe kwa Jiwe la Bafuni

Jina langu naomba mniachie mwenyewe. Niko Bariadi, nimeolewa, nina duka dogo la vitenge, na hayo yanatosha kunijua. Nimekosa. Sikusingiziwa, sikuonewa, wala sitasema shetani alinipitia. Nilikosa kwa mdomo wangu, nikiwa na akili zangu zote, asubuhi, baada ya chai.

Nakuandikia wewe unayesoma kwa sababu hunijui. Wanaonijua siwezi kuwatazama.

Mume wangu ananunua pamba vijijini. Nyumba yetu tumeijenga kidogo kidogo, msimu mmoja tofali, msimu mwingine bati, na bafu la ndani ndilo lilikuwa la mwisho. Siku moja alilala nyumba ya wageni Mwanza, akakuta bafuni kabati la sinki lenye jiwe jeupe juu yake, marumaru yenyewe ya mlimani, siyo tailizi. Aliporudi hakunisimulia safari. Alinisimulia jiwe.

"Mama Doto, ukiweka mkono juu yake ni baridi! Mchana wa jua kali, baridi!"

Mama yake anakaa Nkoma. Hapa nyumbani wote tunamwita mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Aliposikia mwanawe anatamani jiwe, akatoa dume la ng'ombe zizini.

"Uza, baba," akamwambia. Anamwita baba kwa sababu mume wangu amebeba jina la babu yake, baba mzazi wa mayu. "Nyumba nzuri isiwe na bafu la hovyo."

Ndiyo. Lile jiwe lilitoka kwenye zizi lake.

Likaja kwa fuso, limesimamishwa kwa ubavu, magodoro huku na huku. Wanaume walilibeba kuliingiza ndani wakihema kama wamebeba jeneza. Fundi alikuwa ameshalifunga kabati ukutani kwa bolti. Akapima kwa pimamaji, akapima tena, akasema kabati likiinama hata kidogo jiwe litakuja kupasuka lenyewe siku mtu hajaligusa. Likawekwa, sinki likakaa mahali pake, silikoni ikapigwa pembeni kote. Juu akapaka dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe, lisinywe madoa. Akatuambia tusifungue maji mpaka kila kitu kikauke.

Siku hiyo mume wangu alikuwa Itilima kwenye pamba. Maelezo ya kulitunza nilipewa mimi peke yangu.

"Mama, ulioshe kwa maji na sabuni laini, kitambaa laini, halafu ulikaushe. Usiweke ndimu, wala siki, wala dawa ya kuondoa madoa ya nguo. Na dawa ya choo usiisogeze kabisa. Ile ni asidi, inakula hili jiwe."

"Nimeelewa, fundi."

Nilielewa vizuri sana! Na sikumwambia mtu mwingine. Nikisema nilisahau nitakuwa naongeza uongo mwingine. Nilitaka niwe mimi tu ninayejua kulishika. Majirani walikuwa wanakuja kuliona, nawavulisha viatu mlangoni, nawaonyesha, nasema, "Hili halishikwi hovyo." Mnanielewa nilivyokuwa?

Halafu mayu akaja kukaa kwetu kwa ajili ya macho.

Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimpa dawa ya matone, asubuhi na jioni, akatuambia bila kuzunguka: "Kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki. Msiruke hata siku moja." Nkoma anakaa na shemeji yangu, kaka wa mume wangu, na mke wake, na wale wanashinda shambani. Basi ikaamuliwa akae mjini kwangu. Watoto wetu mapacha wako shule ya bweni, nyumba ilikuwa kimya, nilifurahi kupata mtu wa kuongea naye.

Matone nilimwekea mimi. Anakaa kwenye stuli, anainamisha kichwa nyuma, mimi namshika kidevu.

"Mwangaluka, mayu," namwamkia.

"Mwangaluka, ng'wanone," mwanangu. "Leo nakuona. Umevaa nyekundu."

Nilikuwa nimevaa kijani. Nikamwambia ndiyo, nyekundu.

Tulipendana. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama ningekuwa namchukia.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamuudhi mume wangu. Mayu alikuja na chupa ya maji ya mizizi, ananawia miguu ikimuuma, na chupa hiyo aliiweka juu ya lile jiwe, pembeni ya koki. Mume wangu ni mtu wa kanisa sana. "Mama, hayo mambo ya mizizi yaache, umeshapewa dawa hospitali." Mayu anamjibu taratibu, "Nanawia miguu tu, baba." Yanaishia hapo.

Sasa sikilizeni.

Maji yetu ni ya kisima kirefu, yana chumvi. Yakikauka yanaacha ukoko mweupe, na kuzunguka koki ukoko ulikuwa umeganda. Zamu ya sala za jumuiya ya kanisa ilikuwa inakuja kwetu, wanawake wote wa mtaa wataingia bafuni kunawa. Nilisugua kwa sabuni, haukutoka. Nikasugua tena mpaka vidole vikaniuma.

Asubuhi hiyo mayu alikuwa bado chumbani. Mume wangu alikuwa ametoka kwenda kuangalia gari la mizigo. Nikaiangalia chupa ya dawa ya choo pale chini. Nikasema moyoni, tone tu, nitafuta haraka.

Nikamwaga.

Jiwe likachemka! Nasema likachemka, likatoa povu lenyewe, linalia tsss kama soda. Nikashika kitambaa, nikamwaga maji, nikafuta, nikafuta. Lilipokauka, pale kwenye koki pakabaki doa kubwa kama sahani, limefifia, halina mng'aro, na mchirizi umeshuka mpaka ukingoni. Nikapitisha kidole. Palikuwa panakwaruza kama ngozi iliyoungua.

Nikaficha chupa ya asidi nyuma ya tenki la maji. Nikaenda kupika chai.

Mume wangu akarudi, akanywa chai, akaingia kunyoa ndevu.

"Mama Doto! Njoo! Nini hiki?"

Hajawahi kunipiga. Hajawahi hata kunitukana. Kisingizio hicho sina. Nilichoogopa ni aibu tu, aibu ya mtu aliyewavulisha watu viatu mlangoni.

"Sijui," nikasema. Halafu mdomo ukaendelea wenyewe. "Labda ile dawa ya mayu."

Akaamini hapo hapo. Kwa nini asiamini? Chupa ya mizizi ilikuwa pale pale, pembeni ya doa.

Akamwita mama yake. Mayu akaja anapapasa ukuta. Mume wangu hakupaza sauti, aliongea chini chini, na hivyo ndivyo anavyoongea akiwa ameumia.

"Mama, nilikwambia hii mizizi. Ona jiwe lilivyoungua."

"Wapi, baba?"

Akamshika mkono, akamwekea vidole juu ya doa. Mayu akapapasa. Akapapasa mpaka mwisho wa mchirizi, akarudi.

"Eee, Mungu wangu," akasema. "Baba, huenda nilimwaga. Jana niliigusa chupa ikalala. Nilidhani nimeiwahi. Macho yangu haya, baba. Nisameheni."

Kisha akanigeukia mimi. Hakunilenga sawasawa, aliutazama mlango.

"Na wewe, ng'wanone, unisamehe. Wewe ndiye unayelisugua kila siku."

Nikajibu, "Haina shida, mayu. Yameisha."

Nilimsamehe! Mmesikia? Mimi ndiye niliyemsamehe yeye!

Tangu siku ile mayu hakuingia tena bafuni. Alioga kwa beseni nyuma ya jiko, kama mtu aliyekuja kuomba kibarua. Chupa ya mizizi aliimwaga mwenyewe nje. Ndani ya nyumba akaacha kushika vitu. Ukimpa kikombe anauliza, "Ni cha udongo?" Akisikia ni cha udongo anaomba cha bati. Mchana alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani, kama abiria anayesubiri gari.

Jumuiya walikuja, wakanawa. Mmoja akauliza lile doa ni la nini. Nikasema, "Wazee hawa, si unajua." Akacheka. Mayu alikuwa sebuleni na masikio yake ni mazima.

Siku chache baadaye akasema anataka kurudi Nkoma. Mume wangu alidhani amekumbuka kwake, amekumbuka ng'ombe wake. Mimi nilijua. Nikamfungia nguo zake, nikaweka na chupa ya matone, nikamwelekeza mke wa shemeji kwa simu namna ya kumwekea. Gari lilipoondoka nilipata nafuu. Naliandika hili pia. Nilipata nafuu.

Chupa ile ya matone ni ndogo. Mimi ndiye niliyekuwa nainunua, nilijua kabisa inachukua muda gani kuisha. Nilijua haiwezi kufika mavuno ya pamba. Kila nikitaka kupiga simu kuuliza, nafikiri: nikiuliza atasema imeisha, ikiisha itabidi arudi kwa daktari, akirudi atakaa hapa, na akikaa hapa yale mambo yataanza upya. Basi siulizi. Naendelea kupanga vitenge.

Msimu ukafunguliwa. Mume wangu akawa mtu wa barabarani, leo Mwamapalala, kesho Maswa. Jioni moja amekaa anakula, akaniuliza bila hata kuinua kichwa.

"Dawa za mama zipo?"

"Zipo."

Neno moja. Akaendelea kula. Mimi pia nikala.

Habari zilikuja kwa simu ya shemeji. Mayu alikuwa anatoka zizini akagonga nguzo ya mlango kwa uso, akaanguka. Walipomwinua akawaambia hakuiona ile nguzo, na si mara ya kwanza. Mume wangu akaacha mzigo wa pamba, akaenda kumchukua, tukakutana hospitali.

Daktari alimpima muda mrefu. Akatuita. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na mwanga kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akauliza, dawa ziliachwa lini?

Mume wangu alinitazama mimi kwanza, halafu akamtazama mama yake. Tulipotoka nje kwenye benchi akamwinamia.

"Mama, dawa zilipoisha kwa nini hukusema? Ungempa hata mtoto yeyote simu anipigie."

Mayu alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

"Nilishawaharibia jiwe lenu, baba. Hata mke wa kaka yako nilimkataza asiwapigie. Ningeanzaje tena kuwaomba dawa?"

Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilidhani dunia itazunguka, haikuzunguka. Mtu mmoja alipita anauza karanga, nikanunua karanga. Tukapanda gari, tukarudi nyumbani, nikapika wali. Tangu benchi lile ndivyo nilivyo. Natembea, nauza, nacheka mteja akichekesha, lakini ndani hakuna mtu.

Mayu akawa kwetu tena. Akipelekwa bafuni anauambaa ukuta wa upande wa pili, mgongo kwenye tailizi, ili asiliguse kabati. Nilishindwa kuangalia hilo. Nikamwita fundi yule yule, mume wangu akiwa safarini. Nilidhani doa likiondoka, kitu fulani kitaondoka nalo.

Fundi akaangalia. "Si kitu kikubwa, mama. Jiwe la namna hii linarudi."

Akalipiga msasa kwa maji, mkali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, akalisugua kwa unga wa kung'arishia mpaka likaonyesha taa ya darini, akapaka upya dawa ya vinyweleo. Alianza tumemaliza chai, chakula cha mchana kilipoiva alikuwa anaosha vifaa. Doa hakuna! Ungetafuta kwa kurunzi usingeliona.

Nikampa chakula, akala, akaenda zake.

Nikabaki nimesimama mbele ya lile jiwe. Kumbe lilikuwa linatengenezeka. Tangu siku ile ya kwanza lilikuwa linatengenezeka! Ningesema tu, "Baba Doto, nimekosa, nimemwaga asidi," tungemwita fundi, ingekuwa kazi ya nusu siku na lawama za wiki moja. Jicho la mayu hakuna wa kulipiga msasa.

Sikulia hata hapo.

Nikaenda uani. Mayu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua choroko kwa vidole, anatoa mawe. Nikakaa karibu yake.

"Mayu, jiwe limetengenezwa. Limekuwa kama jipya."

"Ashukuriwe Mungu," akasema. "Sasa roho yangu itatulia."

Hapo ndipo nikasema. Sikulipamba. Nilimwambia nilimwaga dawa ya choo, asubuhi, wewe ukiwa chumbani. Mizizi yako haikufanya kitu. Mume wangu aliponiuliza nikakutaja wewe.

Vidole vyake vikasimama ndani ya choroko.

"Sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe, mayu."

"Sikuwa mimi," akarudia, na uso wake ukafunguka. Alitabasamu! Ningekubali anipige na ungo kuliko lile tabasamu. "Nilikuwa najiuliza, ng'wanone. Nilikuwa nasema, kumbe nimefika hapa, naharibu kitu cha watu na wala sijui. Nikawa naogopa hata mikono yangu. Kumbe sikuwa mimi."

Akaendelea kuchambua choroko. Kisha akauliza, sauti ikiwa ile ile, "Na mimi nilipokuomba msamaha, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mh," akasema. Na hakuongea nami tena siku ile.

Mume wangu aliporudi, mayu alitambua mlio wa gari, akasimama mwenyewe, akatoka anapapasa. "Baba! Kumbe lile jiwe haikuwa mimi! Mkeo ameniambia!" Alisema kwa furaha, kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mume wangu alibaki ameshika mlango wa gari. Akanitazama. Nikadhani ataniuliza habari ya jiwe. Hakuuliza habari ya jiwe.

"Nilipokuuliza dawa zipo," akasema, "ulikuwa umempigia nani?"

"Sikumpigia mtu."

Akafunga mlango wa gari taratibu. Akamshika mama yake mkono, wakaingia ndani.

Hajaniacha. Watu wakisoma hapa wanasubiri kusikia nimefukuzwa. Sijafukuzwa. Ananiambia sukari imeisha, ananiambia kesho ataamkia Maswa, ananiambia ada ya watoto imelipwa. Vya nyumbani vyote ananiambia. Zaidi ya hivyo hakuna, na sijui kama kutakuwepo.

Mayu amehamia Sola kwa wifi yangu, binti yake. Aliomba mwenyewe. Siku ya kuondoka nilipiga magoti mbele yake, nikamshika miguu, nikamwambia anisamehe, abaki, nitamhudumia mpaka mwisho.

Akanitafuta kichwa kwa mkono, akakiwekea kiganja.

"Nimekusamehe, ng'wanone. Sina kinyongo, na wala sikuapizi. Lakini hili jicho lililobaki, dawa ataniwekea binti yangu."

Alisema kwa upole. Nikaitikia, "Sawa, mayu." Nikambebea mfuko mpaka kwenye gari.

Jiwe lipo. Naliosha kwa maji na sabuni laini, nalikausha. Wageni wanalisifu, nasema asante. Mtu akiniuliza namna ya kulitunza namweleza kila kitu, simfichi, na kama nyumbani kwenu mna jiwe kama hili waambieni wote wanaoligusa, watoto na wazee, asidi na ndimu visilikaribie. Na likiharibika mwite fundi, basi. Ni jiwe.

Lakini sikuandika kwa ajili ya jiwe. Naandika kwa ajili yako wewe mwenye uongo mdogo ndani ya nyumba, uliomtwisha mtu asiyeweza kujitetea, mzee, mgonjwa, dada wa kazi, mtoto wa kambo, na unaona umekwisha kwa sababu kila mtu amenyamaza. Haujaisha! Yule uliyemsingizia anatembea nao. Ananyimwa kitu, au anajinyima mwenyewe, na wewe huoni.

Inuka hapo ulipokaa ukamwambie. Usiandae maneno. Mwambie leo, wakati bado anaweza kukutazama usoni.